Tairi za baiskeli ya mlima kwa njia za Arusha: Smart Sam Plus, Ardent na ile ya kichina ya dukani

Wadau wa baiskeli, jibu la haraka kwa wasiopenda kusoma gazeti: kwa njia za huku kwetu, tairi ya nyuma weka Schwalbe Smart Sam Plus, ya mbele weka Maxxis Ardent. Sababu zake zinafuata, na ile ya kichina ya bei rahisi msiidharau moja kwa moja, ina kazi yake.

Watu wengi wakiingia dukani wanaangalia kashata tu, yale meno ya juu ya tairi, zikiwa ndefu za kutisha wanasema hii ndo tairi. Sasa kinachokurudisha nyumbani unasukuma baiskeli huku kwetu ni miba. Ukitoka Kisongo unaelekea Monduli, ukaacha lami ukashika njia za ng'ombe, ni migunga mwanzo mwisho, halafu wafugaji wanakata matawi wanazungushia maboma, mengine yanadondoka njiani yanakauka, na mwiba wa mgunga ukishakauka ni msumari. Ongeza na mbigili za pembeni mwa barabara. Kwenye tairi ya kawaida ule mpira ulioko kati ya kashata na kashata ni mwembamba, na mwiba unapita hapo hapo, kwahiyo kashata ndefu zilizoachana sana ndo zinaukaribisha. Mtu ananunua tairi ya kutisha alafu kila wikiendi yuko kwa fundi anabandikwa kiraka.

Smart Sam Plus hapo ndo inapokula hela yako kihalali. Chini ya kashata kuna tabaka la mpira unaovutika la milimita 3, wenyewe wanaliita GreenGuard, mwiba mfupi unaishia humo haufiki kwenye tyubu. Mbigili kwangu imebaki kitu cha kung'oa nikishafika nyumbani. Mwiba mrefu wa mgunga ukiingia wima bado unaweza kupenya, tusidanganyane, ila sio kama zamani. Kashata za katikati zimebanana kwahiyo kwenye lami haivuti wala haiungurumi sana na inachelewa kuwa kipara. Ubaya wake ni uzito, saizi kubwa zinafika kilo moja na kupita, na ukipandisha kwenda Olmotonyi mapaja yanakwambia. Bei nayo aisee, hela ya moja unabeba za kichina tatu na chenji ya chai inabaki, ila ukipiga hesabu ya tyubu, viraka na muda wa kukaa chini ya mti unasubiri solusheni ikauke utaelewa.

Kwa nini sasa nisiiweke na mbele? Kwa sababu mbele nataka kushika. Tairi ya mbele ikiteleza kwenye kona umeshaenda chini kabla hujajua, ya nyuma ikiteleza unairudisha. Ardent ya upana wa inchi 2.25 ina mpira laini zaidi na kashata za pembeni zenye nguvu, kwenye lile vumbi jeusi la volkano la kiangazi linalofanana na unga inatulia vizuri. Kasoro yake ni kwamba kati ya kashata za katikati na za pembeni kuna uwazi, ukiinamisha baiskeli nusu nusu unasikia kama inaelea, inabidi uinamishe kweli kweli ndo ishike, na wengine hawaipendi kwa hilo. Kingine ukikuta imeandikwa EXO usifikiri ni dawa ya miba, ile kinga iko ubavuni, inazuia mawe makali yasichane pembeni basi. Kwa miba mimi nimeweka yale maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu, yanaziba vitundu vya mwiba fresh tu. Kutumia tairi bila tyubu kabisa ni kuzuri zaidi ila rimu nyingi za mtumba hazijatengenezwa kwa hiyo kazi, na ile dawa ya maziwa maziwa inayomiminwa ndani ya tairi isiyo na tyubu kuziba matundu inakauka ndani ya miezi michache, kwa joto la huku ndo mapema zaidi, kwahiyo kama hupendi kuongeza ongeza achana nayo.

Masika sasa. Machi mpaka Mei huko juu Ngaramtoni ni tope la kushiba, na tairi pana inabeba udongo mpaka unajaa kwenye fremu gurudumu linagoma kuzunguka. Hapa ile ya kichina ya 1.95 yenye kashata ndefu zilizoachana inazishinda zote mbili, ni nyembamba, tope linadondoka lenyewe. Ila mpira wake ni mgumu, kwenye mizizi na mawe yenye maji ni sabuni, shuka utembee. Kabla hujalipa ikunje ubavu kwa vidole uangalie kama kuna vyufa, maana nyingine zimening'inia juani mlangoni mwa duka miaka na mpira umeshakufa.

Upepo nao, mafundi wetu wanajaza mpaka tairi iwe jiwe. Ile namba ya ubavuni ni mwisho wake, sio lazima uifikie. Mtu wa kilo 70 hivi, tairi ya 2.25 yenye tyubu, aanzie psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 30 mbele na 34 nyuma, kwenye tope apunguze kidogo, kwenye mawe aongeze. Ukishusha sana ukapiga jiwe tyubu inabanwa na rimu inatoka matundu mawili sambamba, na hapo hata yale maji hayakusaidii.

Halafu saizi. Baiskeli za mtumba zimechanganyika, kwahiyo soma ile namba ndogo ubavuni mwa tairi ya zamani: 559 ndo inchi 26, 584 ndo 27.5, 622 ndo 29. Ile 28 ya Phoenix ya mzee ni 635, haiingiliani na 29 hata kidogo. Muuzaji akikwambia "itavutika tu bosi" mrudishie palepale dukani, maana ukishaivalisha ikapata tope hakuna anayekurudishia hela.