Wuling Hongguang Mini EV: nimezunguka nacho Liuzhou, haya ndo maoni yangu

Wadau mlioniuliza kuhusu kile kigari kidogo cha umeme mnachokiona kwenye video za China, nimechelewa kujibu sababu ya mitihani. Nasoma Liuzhou, Guangxi, mji kinakotoka chenyewe, na mama wa jamaa ninayesoma naye anacho kimoja cha kijani, wikiendi tunashinda nacho barabarani.

Urefu wake ni mita 2.9 tu, yaani kirikuu ni kirefu kukishinda. Milango miwili, siti nne. Mbele mnakaa kwa raha kabisa, mimi mrefu na kichwa hakigusi juu, nyuma ni pa watoto, mtu mzima avumilie safari fupi. Mkijaa wanne buti hamna, ila ukizilaza siti za nyuma mfuko wa mchele na mboga za wiki nzima vinaingia. Usibebe luosifen tu, zile tambi za supu ya konokono za huku, ile harufu ya mianzi iliyochachushwa haitoki humo mpaka kesho yake.

Mota ni kilowati 20, spidi mwisho 100, kwa mjini inatosha sana, kwenye barabara kuu sikushauri. Kwa hesabu za kiwanda, kwa matoleo ya mwanzo ya 2020, betri ndogo inaenda kilomita 120 na kubwa 170. Unachomeka kwenye soketi ya kawaida usiku, asubuhi imejaa, na mama yule kazini, sokoni na kurudi hafikishi hata kilomita 30 kwa siku, kwa hiyo hachaji kila siku.

Bei ndo ilishtua watu. Kilipotoka Julai 2020 kilianzia yuan 28,800, kama dola 4,100 za wakati ule. Ila ya bei hiyo haikuwa na AC wala eabegi, na joto la huku mwezi wa saba ni lile lile la Dar mwezi wa pili, kwa hiyo mkinunua iliyotumika msikimbilie ya chini kabisa, ongezeni hela mpate yenye AC, na eabegi ya dereva tafuteni toleo la Macaron la 2021.

Sasa kigari hiki huwezi kukielewa bila kuujua mji. Wuling ilikuwa kiwanda cha matrekta, wateja wakakauka, wakahangaika na cherehani na mashine za kufuma ili mishahara ilipwe, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 wakatoa kigari cha mizigo na abiria kwa kufuata mfano wa Mitsubishi. Hicho ndo kikawa gari la muuza mboga na fundi China nzima, Wachina wanaita gari la mkate kwa umbo lake. 2002 wakaingia ubia na kampuni za magari, SAIC ya Shanghai na GM ya Marekani, lakini ile akili ya kumtengenezea mtu wa kipato cha chini hawakuiacha, na kwangu hiyo ndo heshima yao kubwa.

Mji nao umebadilika jamani. Miaka ya 80 na 90 Liuzhou ilijulikana kwa mvua ya tindikali, moshi wa viwanda kila kona. Leo watu wanaogelea mto Liu katikati ya mji na mwezi wa nne mitaa yote inakuwa ya pinki kwa maua ya bauhinia, na viwanda bado vipo.

Halafu mji wenyewe ulikipisha kigari. 2017, Baojun E100, kigari kingine cha umeme cha kampuni hiyo hiyo, ilipokuja, watu walipewa waendeshe bure kwanza waseme shida iko wapi, wakasema paki na chaji, basi vile vipembe vya barabara visivyofaa gari kubwa vikachorwa paki ndogo na soketi zikawekwa. Ukipita nacho ndo unaona kazi iliyofanyika, unapaki sehemu ambayo RAV4 ingepita tu ikaiangalia.

Kwa aliyepo China nakipa 8 kati ya 10, chukua cha kilomita 170. Kwa mnaotaka kukileta Dar, usukani uko kushoto na matairi ni inchi 12, piteni kwanza barabara ya mtaani kwenu mkayahesabu mashimo ndo mniulize tena.