Soksi za kubana na spirometa ya mipira mitatu: tathmini ya vifaa viwili vya wodi ya upasuaji

Ndugu wa mgonjwa anayesubiri upasuaji mkubwa wa tumbo au wa nyonga hupewa karatasi ya vitu vya kununua katika duka la dawa, na siku hizi, chini ya glavu, mpira wa mkojo na nyuzi za kushonea, hukuta vitu viwili ambavyo pengine hajawahi kuviona: jozi ya soksi ndefu nyeupe za kubana miguu, na kichombo cha plastiki chenye mipira mitatu midogo na bomba la kuvutia hewa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na nimeviona vifaa hivi vikitumika ipasavyo, vikitumika vibaya, na mara nyingi zaidi vikilala ndani ya kabati la kitandani na risiti yake. Nitangulize maoni yangu ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: soksi thamani yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, spirometa ina manufaa ambayo hayajaandikwa kwenye boksi lake, na hakuna hata kimoja kinachostahili kununuliwa kabla ya familia kuwa na fedha ya sindano ya kuzuia damu kuganda.

Sababu ya kuandikiwa vitu hivi si ngumu kuieleza. Tangu mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba bonge la damu linaloziba mishipa ya mapafu hutoka kwingine mwilini, na mafundisho yanayobeba jina lake hutaja mambo matatu yanayoigandisha damu: mwendo wake kupungua, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda. Upasuaji mkubwa huyaleta yote matatu kwa siku moja. Wakati huohuo kifua nacho hupata taabu yake, kwa kuwa nusu kaputi, maumivu ya mshono na kulala chali humfanya mgonjwa avute pumzi fupi fupi, sehemu za chini za mapafu zinywee, makohozi yatuame, na baada ya siku chache nimonia ipate pa kuanzia.

Nianze na soksi. Soksi sahihi za wodini hubana kwa kupungua kadiri zinavyopanda: takribani milimita 18 za zebaki kwenye kifundo cha mguu, zikishuka hadi kama 8 pajani, ili damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu, isukumwe kuelekea moyoni. Hapo ndipo tatizo la kwanza la mnunuzi linapoanza, kwa sababu rafu hiyohiyo ya duka huwa na soksi za watu wenye mishipa iliyovimba miguuni, ambazo hubana zaidi, nyingi kati ya 20 na 30, na zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesimama na kutembea, si mgonjwa aliyelala. Muuzaji asiyeuliza ni za nani, au anayeuliza namba ya kiatu tu, hajui anachouza. Ukubwa wa soksi hizi hupatikana kwa futi kamba: mzunguko wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi, mzunguko wa paja ikiwa soksi ni ndefu, na urefu kutoka kisiginoni. Mguu ukivimba baada ya upasuaji, vipimo hivyo havifai tena na lazima virudiwe. Nimewahi kumwona mjomba wa mgonjwa akidai abadilishiwe jozi kwa kuwa imetoboka chini ya vidole, na alikuwa na haki ya kushangaa, maana hakuna aliyemwambia kwamba tundu lile limewekwa makusudi ili muuguzi aangalie rangi na joto la vidole bila kuivua soksi.

Sasa swali la fedha: zinasaidia? Utafiti ninaouona kuwa wa maana kwa mnunuzi ni ule uliofanyika katika hospitali 7 za umma za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 1,905 wa upasuaji wa kupangwa, wenye hatari ya wastani au kubwa ya kuganda damu, waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipewa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, peke yake, na la pili sindano pamoja na soksi. Waliopata bonge la damu walikuwa asilimia 1.7 katika kundi la sindano tu, na asilimia 1.4 katika kundi lililoongezewa soksi, tofauti ambayo watafiti hawakuiona kuwa sababu ya kutosha ya kuendelea kuzivalisha. Kwa mgonjwa anayechomwa sindano yake kila siku, basi, soksi haziongezi kitu cha kutajika. Mahali pake panabaki kwa yule ambaye sindano imekatazwa kwa sababu anavuja damu au yumo katika hatari ya kuvuja, na hata huyo, hospitali yenye mashine ya mifuko ya hewa inayobana na kuachia miguu kwa zamu ingemfaa zaidi.

Lipo na la madhara, nalo boksi hulitaja kwa maandishi madogo. Mwaka 2009 utafiti mwingine mkubwa, wa wagonjwa 2,518 waliopata kiharusi, ulionyesha kwamba soksi ndefu hazikupunguza damu kuganda, ilhali ngozi iliyochubuka, malengelenge na vidonda vilionekana kwa takribani asilimia 5 ya waliovalishwa, dhidi ya asilimia 1 ya wasiovalishwa. Wagonjwa wale si wa upasuaji, lakini ngozi ni ngozi. Hatari kubwa kupita zote ni ya mguu wenye ateri, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zilizoziba. Mgonjwa wa kisukari, mvutaji wa sigara wa miaka mingi, au mzee ambaye shavu la mguu humuuma akitembea na kutulia akisimama, anaweza kuwa na mguu unaopata damu kidogo mno, na soksi inayobana juu ya mguu wa namna hiyo huweza kuuua mguu wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuvalisha, mapigo ya juu ya wayo na ya nyuma ya kifundo hupapaswa kwa vidole, na yakikosekana, shinikizo la damu la kifundo hulinganishwa na la mkono. Uwiano ulio chini ya 0.9 ni dalili ya ateri mbaya. Kwa mwenye kisukari hata uwiano mzuri usiaminiwe haraka, kwa kuwa ateri zilizokakamaa kwa chokaa hukataa kubanwa na kuleta namba nzuri ya uongo.

Jambo jingine lisilopata nafasi katika maelekezo ya kiwandani ni rangi ya ngozi. Maelekezo husema angalia wekundu kisiginoni. Katika kisigino cheusi wekundu hauonekani. Unachotafuta ni joto, ugumu, maumivu, au rangi iliyokolea kuliko ya jirani yake. Soksi ivuliwe kila siku, mguu uoshwe, kisigino kiguswe kwa kiganja. Na ukingo wa juu usikunjwe kamwe, maana soksi iliyokunjwa chini ya goti hugeuka kuwa kamba na kuizuia damu ileile iliyotakiwa kuisukuma.

Sindano niliyoisema ni ya heparini, na inayotumika sana ni inoksaparini, kwa kawaida miligramu 40 chini ya ngozi ya tumbo mara moja kwa siku, dozi ikipunguzwa kwa mwenye figo dhaifu. Kwa aliyebadilishiwa nyonga, au aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani ya tumbo, huendelea kwa takribani wiki nne, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya dozi huchomwa nyumbani, jambo ambalo familia nyingi hulisikia siku ya kuruhusiwa, fedha zikiwa zimekwisha. Aliyechomwa dozi hii ya kinga asubiri muda wa saa kumi na mbili kabla ya kuchomwa ganzi ya mgongoni. Wagonjwa Waislamu wana haki ya kujua pia kwamba inoksaparini hutengenezwa kutoka utumbo wa nguruwe. Wengi wakielezwa huikubali kwa hoja ya dharura, na asiyeikubali aulizie fondaparinuksi, ambayo hutengenezwa maabara bila kitu cha mnyama, au vidonge vya rivaroksabani ikiwa upasuaji wake ni wa nyonga au goti na daktari ameridhia.

Wala hakuna soksi wala sindano inayomwondolea mtu wajibu wa kuangalia. Mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, unaouma kwenye shavu lake, ni wa kupimwa kwa ultrasaundi siku hiyohiyo. Kipimo chenyewe ni cha kupendeza kukitazama: mpimaji hubonyeza kichwa cha mashine juu ya mshipa wa kinena, kisha nyuma ya goti, na vena yenye afya hubonyea ikafumba kabisa kwenye skrini, ilhali yenye bonge hukataa na kubaki duara. Kipimo cha damu cha didaima (D-dimer), kinachotafuta mabaki ya bonge linaloyeyuka na ambacho maabara nyingi hukiuza kwa bei ya kuumiza, hakisaidii sana baada ya upasuaji, kwa kuwa jeraha lenyewe hukipandisha. Mgonjwa akianza ghafla kukosa pumzi, kifua kikamchoma anapovuta hewa, mapigo yakaenda mbio na oksijeni ya kidoleni ikashuka, asisubiri mzunguko wa asubuhi wa madaktari. Hapo picha ya sitiskani (CT scan) ya mishipa ya mapafu ndiyo yenye jibu.

Spirometa sasa. Wazo la kumpa mgonjwa kifaa cha kumhamasisha avute pumzi ndefu lilienezwa na daktari wa upasuaji wa Marekani Robert Bartlett mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chombo kinachouzwa kwetu kina vyumba vitatu vilivyoandikwa 600, 900 na 1,200, yaani mililita za hewa kwa sekunde zinazohitajika kuinua kila mpira. Karibu kila mgonjwa anayepewa bila maelekezo hukipuliza, kama mtoto na puto, na mipira haiinuki, naye huamua kwamba kimeharibika. Kinavutwa. Mgonjwa huketi wima, hutoa pumzi taratibu, hubana mdomo kwenye bomba na kuvuta polepole, kisha huzuia pumzi kwa sekunde tatu hivi kabla ya kuiachia. Udhaifu wa muundo huu ni kwamba hupima kasi, si ujazo: mtu aweza kuirusha mipira yote mitatu kwa mvuto mmoja wa ghafla usiofika chini ya pafu. Ukipata kile cha bomba moja pana chenye pistoni inayopanda kwenye vipimo vya mililita, kinunue hicho hata kikizidi bei kidogo.

Ushahidi wake kama tiba ni hafifu. Mapitio ya tafiti za upasuaji wa tumbo hayakuonyesha kwamba chenyewe huzuia matatizo ya kifua. Kilichoonyesha faida ni mtu. Katika utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2018, mtaalamu wa fiziotherapia alikaa na mgonjwa dakika 30 tu kabla ya upasuaji wa tumbo la juu, akamweleza hatari na kumzoesha kupumua kwa kina na kukohoa, na matatizo ya mapafu yakawa asilimia 12 badala ya 27 kwa waliopewa kijitabu pekee. Hayo ni mazoezi yasiyo na plastiki yoyote: mto uliokumbatiwa juu ya mshono, pumzi ndefu, kikohozi, dawa ya maumivu iliyotolewa kabla na si baada, na kiti kando ya kitanda mapema iwezekanavyo.

Hata hivyo siiandiki spirometa kuwa hasara, kwa sababu wodini imenisaidia kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Mgonjwa aliyeinua mipira miwili jana jioni na leo asubuhi hainui hata mmoja ananiambia jambo kabla homa haijapanda: ama maumivu hayajatulizwa, ama pafu limenywea, ama maji yamejaa kifuani, ama kuna bonge. Kwa hiyo huwa tunaandika kwenye chati alichofikia kila zamu, sambamba na oksijeni na idadi ya pumzi kwa dakika, na mabadiliko hayo humpa daktari sababu ya kuja kusikiliza kifua na kuagiza eksirei.

Kifaa ni cha mgonjwa mmoja. Kipande cha mdomoni kioshwe kwa maji ya sabuni, kikaushwe, kiandikwe jina, na mgonjwa akiruhusiwa aende nacho nyumbani au kitupwe. Ukarimu wa kukiachia kitanda cha jirani, katika wodi ambamo kifua kikuu hakijaisha, usikubaliwe.