Uzoefu wangu: Nimeunga helikopta ya Mi-8 ya skeli 1:72 hapa Kigoma

Jioni za wiki sita, mezani kwangu Mwanga, na sasa Mi-8MT yangu ya plastiki imesimama kwa magurudumu yake. Boksi nililipia shilingi 95,000, likaja kwa basi kutoka Dar. Ndani vipande zaidi ya 200, bado vimeshikana na fremu. Unakata kimoja, unapiga msasa, unagundisha, unasubiri. Mapanga yake ya juu yakishafungwa yanatanda sentimita 30 kasoro kidogo, yaani rula ya mwanafunzi. Ya helikopta yenyewe yanatanda mita 21.3, mara 72 ya hayo, ndiyo maana ya skeli 1:72.

Utamu wote uko kwenye kichwa cha mapanga. Yako matano, na kila moja lina kijiti chake kinachoshuka hadi kwenye sahani iliyozunguka mhimili. Miaka yote nilidhani rubani anaulaza mhimili mzima. Nilipovigundisha vile vijiti, vyembamba kama miba ya dagaa, ndipo nikaelewa: inayolala ni sahani, na kila panga linabadili pembe yake kadiri linavyozunguka, chombo kikaelekea anakotaka. Sehemu hii peke yake ilinichukua jioni nne na sijutii hata moja.

Panga la mkia ndilo lililoniumiza. Mi-8 za mwanzo zinalo kulia, lakini kwenye MT, toleo la baadaye, linakaa kushoto. Mchoro wa maelekezo haueleweki na mkia umetobolewa pande zote mbili. Nikagundisha kulia, kesho yake nikalikata kwa wembe na kuziba tundu upya. Mtengenezaji angeweka mshale mmoja tu.

Jambo jingine ambalo hawakulisema: bila uzito puani, inakalia mkia. Kabla ya kufunga bodi nilikwenda Kibirizi kwa wavuvi, nikapata risasi mbili za nyavu, nikazibana nyuma ya viti vya marubani. Madirishani usiguse supa glu, mvuke wake unatia ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Tumia gundi nyeupe ya maji. Na kama unapaka rangi msimu wa mvua, ipe siku mbili.

Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi bandarini, alikuwa anapita kuangalia. Siku moja akaokota kipande cha mlango, akasema, "Mwanangu, Liemba nayo ilikuja hivi hivi, kwenye maboksi." Kweli kabisa. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa, ikaletwa kwa meli na treni, mafundi wakaiunga hapa hapa na kuishusha ziwani 1915. Toka siku hiyo nilikuwa napiga msasa kwa adabu zaidi.

Mtoto wa shule ya msingi usimpe peke yake, vijiti vitavunjika. Mtu mzima mwenye subira, nunua. Nyota nne, ya tano imebaki kwenye ule mkia.