Mkaa wa makaa ya mawe, nimeupikia wiki 3 sasa

Wadau, naona wengi mnauliza kuhusu huu mkaa mbadala wa makaa ya mawe. Mimi nimenunua kilo 5 Tandika, Dar, kwa mama mmoja pembeni ya soko. Kuwaka unachelewa, dakika kama 20, na lazima uanzishe na vipande vya mkaa wa kawaida halafu jiko likae nje mpaka ule moshi wa mwanzo na harufu kama ya kiberiti viishe. Ila ukishakolea aisee, maharage yanaiva, unabandika na chai juu ya moto uleule wala hujaongeza kitu. Majivu mengi kuliko mkaa wa mti. Na jamani jiko lake msilale nalo ndani, ile hewa yake inaua na huisikii harufu.

Huyo mama nimempenda, anapima mbele yako na kilo ni kilo. Nikamuuliza mama huu mzigo unatoka wapi, akasema makaa yake ni ya Kiwira, mgodi wa makaa ya mawe kule kusini magharibi. Mimi mtu wa Tukuyu, jirani na huko, nikanyamaza kidogo. Ule mgodi ulijengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 80, watu wanaingia chini ya ardhi kuchimba, na ulikuwa unafua umeme wake megawati 6. Baadaye ukabinafsishwa, uzalishaji ukasimama, wafanyakazi wakabaki wanadai mishahara na mafao, mpaka serikali ikauchukua tena. Nikalinganisha na Uingereza: kule wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma karibu mwaka mzima, Machi 1984 mpaka Machi 1985, wanapinga migodi kufungwa, wakarudi kazini mikono mitupu, na mgodi wao mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi, Kellingley, ukafungwa Desemba 2015. Wale walipigania kazi isiondoke. Wa kwetu walikuwa wanadai hela ya jasho lililokwisha kumwagika, tena makaa yamejaa tele chini, hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mkaa nawashauri mnunue kabisa, misitu yetu ipumzike, ila anayeuchimba alipwe kwa wakati na awe na mkataba, na kama kuna mzee wa zamani bado anadai apewe chake akiwa hai.

Mimi mwisho wa mwezi nachukua kilo 10. Mama anafungua saa 1 asubuhi, Jumapili hayupo, nenda na mfuko wako.