LinkNYC: simu za bure za barabarani New York, uzoefu wangu

Kwa miaka minne nilivipita vile vinguzo virefu vya LinkNYC nikidhani ni mabango ya matangazo tu. Kisha ikaja usiku mmoja wa Februari, simu ikazima njiani nikitoka kazini Manhattan, waya wa chaji nimeuacha nyumbani, na mke wangu huko Bronx hajui niliko. Saa tano ya usiku ilishapita.

Nilisimama mbele ya kimoja pale Third Avenue. Ubavuni kuna kioo kidogo cha kugusa, vitufe vya namba vyenye nukta za wasioona, kitufe chekundu cha kuita 911, namba ya dharura, tundu la spika za masikioni na matundu ya kuchajia. Hakuna pa kutumbukiza sarafu. Nikavua glovu, nikabonyeza namba ya mke wangu, namba pekee niliyoijua kwa kichwa. Mara ya kwanza hakupokea, kwa kuwa namba ilikuwa ngeni kwake. Mara ya pili akasema, “Nani wewe?” Hakuna mkono wa simu wa kushika sikioni, kwa hiyo sauti yake ilitoka kwenye spika na barabara nzima ikasikia nikiulizwa kama nimekula. Sikujali hata kidogo. Nilifurahi mno.

Baada ya hapo nikafuatilia vilitoka wapi. Novemba 2014 jiji lilitangaza kwamba limeichagua CityBridge, muungano wa makampuni, ijenge vinguzo hivi, vyenye simu na Wi-Fi ya bure, mahali pa simu za kulipia kwenye njia za miguu. Mkataba ulikuwa wa miaka 12. Walipa kodi hawatoi gharama za ujenzi; matangazo ya pembeni ndiyo yanayolipa, na jiji lilitarajia kupata zaidi ya dola milioni 500. Vya kwanza vilianza kazi Januari 2016. Mei 2022 simu ya mwisho ya kulipia iliyokuwa mali ya jiji iling'olewa karibu na Times Square, ikapelekwa makumbusho.

Mpango wenyewe ulipata mikwaruzo. Mwanzoni mtu aliweza kuperuzi intaneti hapohapo kwenye kioo, lakini Septemba 2016 huduma hiyo ikaondolewa kwa sababu ya malalamiko kuhusu watu waliokuwa wakikaa hapo kwa saa nyingi na kutazama picha chafu. Mapato ya matangazo nayo yalipungua kuliko ilivyotarajiwa, kampuni ikawa inadaiwa na jiji makumi ya mamilioni ya dola, na mkataba ukarekebishwa. Jambo linaloniuma zaidi mimi ni mgawanyo: Manhattan ilijaziwa mapema, sisi wa mitaa ya mbali tukasubiri. Mtu asiye na bando ndiye anayeihitaji Wi-Fi ya bure kuliko mtalii wa Times Square, na hilo lilipaswa kubanwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo nawapa nyota nne kati ya tano. Nilikulia Kenya ambako tulipanga foleni kwenye simu za Posta, sarafu zimekaza mkononi, na zikiisha mazungumzo yanakatika katikati ya neno. Hapa unaongea mpaka umalize. Ila simu za bure ni za ndani ya Marekani tu. Ukitaka Nairobi, unganisha simu yako na Wi-Fi yao upige kwa WhatsApp. Unajisajili kwa barua pepe mara moja, kisha inakukumbuka kila kinguzo utakachokifikia. Na kama una siri ya kusema, beba spika za masikioni za waya.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka binti yangu wa miaka saba kwenye kinguzo. Nikamwinua, akabonyeza namba ya mama yake tarakimu moja baada ya nyingine bila kuniuliza. Safari hii mke wangu alipokea mara ya kwanza.