Filamu, seramiki au nta: kinga ipi ya rangi inafaa gari la spoti la wikendi Mtwara na Lindi

Gari la spoti la wikendi lina maadui wa aina mbili, na wengi wanapokwenda kununua kinga ya rangi wanamfikiria mmoja tu. Siku mbili likiwa barabarani linapigwa mawe. Siku tano likiwa limesimama uani Shangani, au Mikindani karibu kabisa na maji, linalala na chumvi ya bahari, umande, vumbi na kinyesi cha kunguru. Hakuna bidhaa moja inayomudu yote hayo. Kwa hiyo hapa tunapima filamu ya PPF (plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi), seramiki (kinga ya majimaji inayopakwa na kukauka kuwa ngumu) na nta kwa hali ya hewa, maji na barabara za huku kusini.

Hukumu yetu mapema, kwa wasio na muda: PPF upande wa mbele tu, silanti nzuri (nta ya kutengenezwa) sehemu nyingine zote, na seramiki kwa yule tu mwenye uhakika wa maji ya kuoshea yasiyo na chokaa. Asiye na maji hayo aiache hata akipunguziwa bei.

Kabla ya kununua chochote, ijue rangi uliyonayo. Magari tunayozungumzia ni yale yanayoagizwa Japani yakiwa yametumika: Mazda Roadster, Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, Fairlady Z, Impreza WRX. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima ya chini hadi kliya, lile tabaka angavu la juu, huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na kliya peke yake ni kama 40 hadi 50. Kila fundi anayepitisha mashine ya polishi anaila hiyo kliya kidogo, na hairudi.

Karatasi ya mnada wa Japani inakwambia mengi. Herufi W kwenye mchoro wa gari maana yake paneli ilishanyooshwa au kurudiwa, na W3 ni mbaya kuliko W1. XX maana yake paneli ilibadilishwa. Hizo ndizo sehemu za kuwa nazo makini, kwa sababu gundi ya PPF ina nguvu: paneli iliyopuliziwa juujuu bila maandalizi, siku ukibandua filamu inaweza kutoka na rangi yake. Kama karatasi imepotea, tafuta fundi mwenye kipimo cha unene. Ukisoma mikroni 250, hapo pamerudiwa. Ukisoma 1000, chini kuna puti. Ule ujanja wa sumaku usiutegemee sana. Boneti ya Toyota 86 na ya Roadster mpya ni alumini, sumaku haishiki hata kama rangi ni ya kiwandani. Na kama umepuliziwa rangi juzi kwenye gereji isiyo na oveni, ngoja siku 30 kwa uchache, 60 ndiyo salama, ndipo ubandike filamu au kupaka seramiki. Thina bado inatoka. Ukiifungia, rangi inafanya malengelenge.

Sasa filamu. PPF ya kweli ni poliyurethani, TPU, yenye unene wa mikroni 150 hadi 200. Ni nene kuliko rangi yote ya kiwandani, na ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayozuia jiwe. Na mawe huku si haba. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na popote barabara inapotengenezwa kokoto hubaki pembeni. Ongeza malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, na ya saruji yanayotoka kiwandani. Gari la spoti liko chini. Kokoto ambayo kwenye Land Cruiser ingegonga bampa, kwako inatua kwenye boneti.

Bandika boneti nzima, bampa la mbele, madigadi ya mbele, vioo vya pembeni na taa. Kisha sehemu inayosahaulika: kizingiti chini ya mlango na uso wa madigadi ya nyuma, pale mbele ya tairi. Matairi laini ya gari la spoti yanaokota mchanga na kuutupa hapo hapo, na ukikagua 86 iliyotembea sana utakuta rangi imekuwa na vidoti kama tetekuwanga. Nusu boneti usikubali. Mstari wa mwisho wa filamu hukusanya vumbi jekundu na mabaki ya nta, na kwenye gari jeupe unaonekana toka ng'ambo ya barabara. Kwa gari dogo mbele yote inakula kama mita 5 za roli lenye upana wa sentimita 152, kwa hiyo fundi anayekwambia mita 10 anakuuzia na ya mteja mwingine.

Ubora wa filamu unapimwa mezani, kabla gari halijaguswa. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Kivute: TPU hurefuka kisha hujirudi, PVC, ile plastiki ya bei poa, hairudi sawasawa. Kikwaruze kwa brashi ya shaba, halafu kimwagie maji ya moto kutoka kwenye birika. Kwenye filamu nzuri mikwaruzo inafifia na kupotea huku unaitazama. Kwenye ya bei poa inabaki pale pale, na hiyo hiyo ndiyo itakayogeuka njano na kupasuka kwa jua letu. Uliza pia dhamana na namba ya roli. XPEL Ultimate Plus, kwa mfano, hutoka na dhamana ya miaka 10, lakini soma vizuri: dhamana za filamu huhusu njano, kupasuka na kubanduka. Jiwe likiitoboa, hiyo ni juu yako.

Kazi ikiharibika, mara nyingi ni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kisu. Fundi asiye na mashine ya kukata hubandika karatasi kubwa kisha anakata juu ya gari. Wembe ukizama kidogo tu umefungua mlango wa chumvi: kwenye chuma kutu inaanza, kwenye alumini unaota unga mweupe chini ya rangi na kuivimbisha. Dai vipande vilivyokatwa tayari kwa mashine kwa mfano wa gari lako na mwaka wake. Sababu ya pili ni kingo. Filamu hubandikwa kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto ili iteleze, na kingo hushikishwa kwa maji yaliyochanganywa na alkoholi ya isopropili, kisha hukaushwa kwa hewa moto. Kingo zisipokauka zinanyanyuka, mchanga unaingia, na baada ya miezi una mstari mweusi kuzunguka boneti. Viputo vya maji havina shida, vinakauka vyenyewe ndani ya wiki chache. Kiputo cha hewa au punje ya mchanga haiondoki. Kipande hicho kibandikwe upya siku hiyo hiyo.

Ukiipeleka kazi hii Dar es Salaam, panga safari kwa akili. Kurudi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 kwa upepo wa barabara kuu, na kingo zinataka saa 48 za kutulia. Anayebandika asubuhi na kuondoka mchana anarudi na filamu iliyonyanyuka kwenye bampa, halafu lawama zote kwa fundi. Usilioshe gari wiki nzima ya kwanza.

Seramiki inauzwa kwa maneno makubwa kuliko uwezo wake. Tabaka lake likikauka ni mikroni moja au mbili. Ile "9H" ya kwenye boksi ni kipimo cha ugumu wa penseli. Haina uhusiano na kokoto ya Mingoyo. Inachokifanya kweli ni kupunguza makali ya jua, kuvumilia kinyesi cha ndege kwa muda mrefu kidogo kuliko nta, na kufanya uchafu usishike. Hilo la mwisho ni tamu: gari linaoshwa nusu ya muda.

Tatizo letu ni maji. Visima vingi vya mwambao wa Mtwara na Lindi vinapita kwenye mawe ya chokaa, maji ni magumu. Seramiki hufanya maji yasimame kama shanga, na shanga moja ikikaukia kwenye boneti yenye joto inaacha kiduara cheupe cha chokaa. Kwenye gari jeusi lililokaushiwa juani, boneti nzima inakuwa madoa. Dawa yake ni siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji laini, juu ya paneli iliyopoa, dakika moja au mbili, kisha suuza. Doa likishachimba kliya, siki haisaidii tena, ni polishi.

Maji laini yapo bure, tatizo watu wanayamwaga. Yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayana chokaa. Weka ndoo safi chini ya bomba lake. Kwa unyevu wa huku, kiyoyozi cha chumbani kinatoa lita kadhaa kwa usiku, zinazotosha kusuuza mara ya mwisho gari la milango miwili. Maji ya mvua ya tangi nayo yanafaa, mradi umwage ya mvua za kwanza zilizoosha vumbi la bati.

Ukiwa nayo maji hayo, Crystal Serum Light ya Gtechniq na CQuartz UK ya CarPro ni seramiki za daraja ambalo mtu makini anaweza kupaka mwenyewe. Mililita 30 zinatosha Roadster. Chagua Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, joto limepungua na mvua hakuna. Paka ndani ya chumba, sehemu ya sentimita 40 kwa 40, na futa mapema kuliko maelezo ya boksi, kwa sababu joto na unyevu huifanya igande upesi na kuanza kushika kitambaa. Kagua kwa tochi ya pembeni: palipobaki nyingi panaonekana kama doa la mafuta, na pakikauka usiku kucha panataka mashine. Isiguswe na maji saa 24, wala sabuni siku 7.

Nta ya asili, ile ya karnauba, inang'aa vizuri kwenye gari jekundu lakini maisha yake ni wiki chache. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, na boneti nyeusi juani hupanda kuikaribia hali hiyo, kwa hiyo inalainika na kushika vumbi. Silanti za kutengenezwa zinavumilia zaidi. Fusso Coat ya Soft99, kopo la gramu 200, hudai miezi 12. Kwa gari linalolala nje pembeni ya bahari, panga kurudia kila baada ya miezi mitatu na ufurahi ikizidi. Collinite 845, ambayo ni mchanganyiko wa karnauba na silanti, ni rahisi kupaka kwa sababu joto letu linaifanya iwe nyepesi. Zote mbili zipakwe kiduchu, paneli moja moja, kivulini. Watu hupaka nyingi wakidhani ndiyo kinga zaidi, kumbe ziada yote inaishia kwenye kitambaa.

Chini ya kinga yoyote, maandalizi ni yale yale: osha, nyunyiza dawa ya chembe za chuma (inageuka zambarau pale inapozikuta), pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni, kisha futa kwa alkoholi. Ukiruka hatua hii unaifungia kutu ndani.

Baadaye adui mkubwa ni uoshaji. Kitambaa kimoja kwa rimu na boneti, sabuni ya unga, na ile tabia ya kupuliza dizeli iliyochanganywa na maji ili plastiki ing'ae: vyote hivi vinamaliza silanti na kulegeza raba. Mwambie kijana wazi, "Dogo, maji kwanza, kitambaa baadaye." Bomba la jeti likae sentimita 30 mbali na kingo za filamu, lisielekezwe kwenye ukingo kwa upande. Msimu wa kupulizia mikorosho, unga wa salfa ukitua kwenye gari usiupanguse mkavu, na maji matupu hayaulowanishi, unataka shampuu. Kuanzia Oktoba usipaki chini ya mkorosho, maji ya bibo yanaacha doa baya. Kinyesi cha kunguru kifunikwe kwa kitambaa chenye maji dakika tano, kisha kiinuliwe bila kusugua.

Turubai nalo litumike kwa gari safi na kavu tu, liwe la kitambaa kinachopumua. La nailoni likifunikwa juu ya chumvi, upepo wa usiku unaligeuza msasa. Na vipande vya filamu vilivyobaki usimwachie fundi: vinatosha nyuma ya vitasa vya milango, pale kucha zinapokwaruza, na ukingo wa buti unapopakia mizigo.