Kani au nishati: mwanafunzi wa mekanika aanze na ipi?

Swali moja la mwaka wa kwanza katika mekanika (fizikia ya mwendo na kani, yaani misukumo na mivuto) linatosha kuonyesha tofauti: kipande cha ubao kinateleza bila msuguano kwenye mteremko wa nyuzi 30, kikianza kikiwa kimetulia kwenye kimo cha mita 5, na mchapuko wa graviti (kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde) tunauchukulia kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde. Njia ya nishati, inayosema kwamba nishati ya kimo hugeuka yote kuwa nishati ya mwendo, hulimaliza kwa mstari mmoja: kasi chini ya mteremko ni mita 10 kwa sekunde, hata mteremko ungekuwa mkali zaidi. Haisemi, hata hivyo, ubao umechukua muda gani.

Njia ya kani, yaani sheria ya pili ya Newton (kani ni tungamo mara mchapuko), hudai jasho zaidi, yaani kuchora kila kani, kuchagua mhimili sambamba na mteremko, kisha kugawa uzito katika sehemu mbili. Lakini hukupa mchapuko wa mita 5 kwa sekunde kwa sekunde na muda wa sekunde 2.

Kwa maoni yangu anayeanza aanze na kani, kwa sababu mchoro humfichulia mara moja asichokielewa, ilhali mlinganyo wa nishati unaweza kumpa jibu sahihi mtu asiyejua kabisa kwamba kani ya uso wa mteremko, ikiwa pembemraba na mwendo, haifanyi kazi yoyote, yaani haimpi wala kumpunguzia ubao nishati.